Asubuhi Tulizofundishwa Kunyamaza

Juzi mjukuu wangu wa miaka minne alinifichua mbele za watu. Tulikuwa tumesimama mezani kuombea chakula, wali na maharage vinapoa, mama yake anashukuru kwa maneno marefu kama wafanyavyo vijana wa siku hizi, nami nimeinamisha kichwa kama mtu mwenye adabu zake. Tulipoitikia amina, mtoto akaninyooshea kidole. "Bibi hakufumba macho! Bibi alikuwa anaangalia dirishani!" Watu wakacheka, wakamuuliza yeye alijuaje kama ya kwake yalikuwa yamefumbwa. Nikacheka nao, nikamwongezea mtoto maharage.

Ni kweli, sifumbi. Tangu nina miaka mitano, au sita, sijafumba macho kwenye sala. Na akitokea mtu akasema tunyamaze kidogo mbele za Mungu, mimi ndiye yule anayekohoa, anayesogeza kiti, anayekumbuka ghafla kwamba ameacha jiko linawaka. Watu wanasema sina utulivu, na mchungaji mmoja aliwahi kuniombea roho ya utulivu mbele ya kwaya nzima, aibu yake na yangu. Wewe tumejuana siku nyingi. Kaa nikuambie kisa chenyewe, maana kimenichosha kukibeba peke yangu.

Kwetu ni Karatu, upande wa juu, kule mashamba yanakokaribia kugusa msitu wa Ngorongoro. Ninayokusimulia ni ya miaka ya mwanzo ya themanini, wakati sukari ilitafutwa kwa tochi na kipande kimoja cha sabuni kilikatwa kwa uzi kikagawiwa nyumba tatu. Sisi watoto dhiki hatukuijua. Tulichokijua ni baridi. Mvua za masika zikiisha, ukungu ulishuka kutoka mlimani ukalala juu yetu hadi saa sita mchana. Ulifungua mlango asubuhi ukakuta zizi halipo, shamba halipo, nyumba ya jirani haipo, umebaki wewe na kizingiti chako.

Huo ndio ulikuwa msimu wa mavuno, kwa hiyo wazazi waliondoka alfajiri, na sisi tusiofikisha umri wa darasa la kwanza tuliachwa kwa bibi. Tulimwita Aama, ndivyo Wairaqw tunavyomwita bibi. Tulikuwa wanne: mimi, binamu zangu wawili, mmoja wa kiume na mmoja wa kike, na binti wa jirani yetu. Jirani huyo alikuwa mama kutoka Singida, mumewe kibarua kwenye shamba la kahawa, nao walikuwa wamejenga kijumba ng'ambo ya korongo lililopita nyuma ya nyumba ya bibi. Alikuwa mwanamke mwembamba, mcheshi, asiyemwita mtoto yeyote kwa jina. Wote tulikuwa "mwanangu". Alikuwa Mwislamu, na bibi alipomuuliza kama haoni vibaya mtoto wake kusali pamoja nasi, alicheka hadi akashika mbavu. "Mfundishe tu, mama. Mungu ni mmoja. Na ukiweza kumnyamazisha huyu hata kidogo, nitakuletea kuku."

Bibi hakujua kusoma. Alibatizwa akiwa mtu mzima, ana watoto watatu tayari, na dini aliishika kwa mikono miwili, kwa hofu fulani, kama unavyoshika mtoto wa mwenzio. Alikuwa na msemo wake kwamba sala ina miguu miwili, mmoja wa kusema na mmoja wa kusikiliza, na Wakristo wengi wa kijiji chetu walikuwa wanachechemea. "Mnamwambia Mungu nipe, nipe, nipe, halafu amina, mnakimbia," alisema. "Mtu gani anabisha hodi halafu hasubiri mlango ufunguliwe?" Akaamua kwamba sisi wadogo tusianze vibaya. Wakubwa wameshaharibika, alisema, lakini masikio ya mtoto bado hayajaingia taka.

Basi kila asubuhi tulikunywa uji wa mtama, tukanawa mikono, tukapiga magoti juu ya ngozi ya ng'ombe karibu na jiko. Tulishukuru kwa ng'ombe, kwa mahindi, kwa walioko shambani, na binamu yangu wa kiume hakukosa kushukuru kwa uji uliobaki kwenye sufuria. Kisha bibi alitugawa, kila mmoja na kona yake. Mmoja mafigani, mmoja kwenye banda la ndama, binti wa jirani ndani kwenye kitanda cha bibi kwa sababu kifua chake hakikupenda baridi. Mimi, kwa ajili ya mdomo wangu, nilipelekwa mbali kabisa, nyuma ya nyumba, kwenye kigogo kando ya ua wa minyaa. Bibi mwenyewe alikaa mlangoni. Hapo hakuna kusema, hakuna kuinuka, hadi agonge sufuria kwa mwiko.

Sheria moja aliisisitiza kuliko zote. Alikuwa ametusimulia habari za yule mtoto wa kwenye Maandiko aliyelala hekaluni akasikia anaitwa, akainuka mbio kwa mzee wake, na kumbe aliyemwita alikuwa Mungu. Alikimbia hivyo mara tatu, bure tu. Bibi hadithi hiyo ilimuudhi. "Angetulia angesikia mapema," alisema. "Ninyi msikimbie. Ukisikia unaitwa, sema polepole, nipo, nasikia. Kisha kaa. Ngoja uambiwe unaitiwa nini." Tulilirudia hilo hadi likakaa mdomoni kama hesabu ya moja hadi kumi.

Nakwambia, hakuna kazi ngumu kwa mtoto kama kunyamaza. Mwanzoni nilihesabu siafu. Baadaye, sijui siku gani, nilianza kusikia. Nilisikia matone ya ukungu yakidondoka kutoka minyaa, ndama akitafuna, hondohondo akilia msituni kama mlango mbovu, na chini ya yote hayo kitu kipana kilichotulia, ambacho hadi leo sina jina lake. Ilikuwa tamu, nisikudanganye. Hakuna aliyewahi kunipa kitu kikubwa kama kile, na alinipa mwanamke asiyejua kuandika jina lake.

Sufuria ikigongwa tulikimbia kusimulia, na aliyesikia vizuri alipewa utando wa maziwa. Binamu yangu alitangaza siku moja kwamba Mungu amesema yeye apewe utando wote. "Mungu huyo kamuulize tena," bibi akamwambia, "mimi hajanipa habari." Lakini binti wa jirani alisema, kwa sauti yake ile ya kukwaruza, kwamba Mungu alikuwa ananguruma taratibu kama mama yake akisaga mtama. Bibi akamshika kichwa, akampa utando. Niliumia! Mtoto wa watu, ambaye hata si wa kanisa letu, amsikie Mungu, na mimi mjukuu nisikie siafu? Kuanzia hapo niliutaka mwito kuliko nilivyotaka chakula.

Tena sikuwa na shaka ungekuwa wa namna gani. Wazee wetu kabla ya kanisa walimwita Mungu Looaa, na Looaa ni jua, tena ni mama. Kanisani tulisema Baba, lakini bibi akiungua kidole au akiona ajabu ilimtoka "Looaa!" kabla hajajizuia. Kwa hiyo kichwani mwangu Mungu alikuwa Baba siku ya Jumapili, na siku nyingine zote alikuwa mama. Nilitegemea sauti ya mwanamke.

Asubuhi yenyewe ukungu ulikuwa mzito hata sikuyaona magoti yangu vizuri. Usiku kulikuwa na manyunyu. Tulisali, tukagawanywa, nikakaa kwenye kigogo, nikafumba macho. Sijui nilikaa kiasi gani. Nikasikia, "Mwanangu!"

Sauti ilikuwa ya chini, imefunikwa, kama mtu anayesema akiwa amejigubika blanketi. Nikasema kama nilivyofundishwa, polepole, "Nipo, nasikia." Kimya. Halafu tena, ndefu zaidi, "Mwanangu weee!" Nikajibu tena, machozi ya furaha yananitoka, mtoto mdogo vile. Mara ya tatu ilisema, "Mwanangu, njoo." Hapo nilitamani kuinuka, hata mguu mmoja ulishagusa chini. Nikajikaza. Yule mtoto wa hekaluni aliinuka akakosea, mimi sitakosea. Nikatulia nikingoja niambiwe ninaitiwa nini. Sikuambiwa kitu. Matone yakaendelea kudondoka, na baada ya muda mrefu bibi akagonga sufuria.

Utaniuliza kama sikuitambua sauti. Nimejiuliza hilo tangu sijaota meno ya ukubwani. Kuna siku naapa sikuitambua. Kuna siku naapa niliitambua, ila niliutaka mwito sana hata sikutaka awe mtu.

Nilizunguka nyumba mbio. "Aama! Ameniita!"

Bibi alikuwa bado ameshika mwiko. "Nani?"

"Mungu! Ameniita mwanangu, mara tatu. Nimesema nipo, nasikia. Sikuinuka!"

Wenzangu walibaki midomo wazi. Bibi hakutabasamu. Alinitazama kwa namna ambayo sikuizoea, akauliza, "Sauti ilitoka upande gani?"

Nilijua upande gani. Ilitoka korongoni. Lakini hebu fikiri na kichwa cha mtoto: korongoni ndiko tulikomwaga majivu na kutupa ndama aliyekufa. Mungu gani angekaa kule? Bibi angesema nimetunga, binti wa jirani angenicheka, na utando ungempata mwingine. Nikainua mkono nikaonyesha mlimani, kule Ngorongoro, ambako asubuhi ile hapakuonekana kitu ila weupe mtupu.

Bibi aliutazama ule weupe muda mrefu. Kisha akashusha pumzi. "Haya," akasema. "Mungu asifiwe." Akanipa utando wote, hata wa wenzangu, nikaula pale pale mlangoni huku wananitazama.

Ukungu ulipopanda, mama wa Singida hakuja kumchukua binti yake kama kawaida. Alikuwa amemwambia bibi kwamba angechimba udongo mweupe wa kupaka ukuta, maana mvua zilikuwa zimemenya nyumba yake. Binti yake akala makande nasi, akasema mama amechelewa, akaenda kucheza. Ng'ombe waliporudi, bado hajaja. Bibi akachukua fimbo yake. Hakumuuliza mtu wala hakupitia nyumbani kwa jirani kwanza. Alikwenda moja kwa moja korongoni. Nami nilimfuata, na nilikuwa hatua chache nyuma yake alipopiga yowe.

Ukingo ulikuwa umeporomoka. Udongo uliolowa ulimzika mama yule hadi kifuani. Wanaume walikuja na majembe, wakamtoa, wakamlaza juu ya majani, wakamfunika khanga yake. Mmoja wao alitazama mikono yake, akasema, "Huyu hakufa mara moja. Ona alivyochimba."

"Basi lazima aliita," akasema mwingine.

"Ukungu wa leo? Nani angesikia?"

Bibi alikuwa amesimama na ncha ya khanga mdomoni. Mimi nilikuwa nyuma yake, nimeshika gauni lake. Hakuna aliyenieleza neno. Nilijua pale pale, kama unavyojua umejikata kabla damu haijatoka.

Walimzika kesho yake. Waislamu wachache walipanda kutoka mjini, na sisi majirani tukajazia. Binti yake alikaa kwetu wiki moja. Alilala katikati yetu kwenye ngozi, akikohoa, na mimi nililala nimekodoa macho nikimsikiliza. Mara nyingi nilifungua mdomo nimwambie. Nilikuwa na maneno tayari: mama yako alikuita, mimi nilisikia. Hayakutoka. Halafu baba yake akaaga, wakapakiwa kwenye lori la mahindi kwenda kwao Singida, yeye amevaa sweta langu la kijani ambalo bibi aliniambia nimpe. Alinipungia mkono hadi lori likakunja kona. Sijamwona tena.

Bibi alitupumzisha na masomo yake kwa siku kadhaa. Tuliporudi kupiga magoti alikuwa amebadilisha sheria. Hakueleza kwa nini. Alisema tu, "Ukisikia unaitwa, inuka uende ukaone. Kama ni Mungu, atakusubiri. Mtu hawezi kusubiri." Na kile kigogo changu kule nyuma alikipasua kuni.

Lakini mimi nilikuwa nimeshaharibika. Nikifumba macho nasikia. Darasani tukiambiwa kimya, nasikia. Nilikua, nikasoma, nikawa na miaka kumi na tisa, niko likizo kutoka chuo cha ualimu, ndipo siku moja mchana nikakaa na bibi tukipukuchua mahindi. Alikuwa amezeeka, macho yameingia utando, lakini mikono ilifanya kazi yenyewe. Bila kunigeukia akaanza kusema Kiiraqw, lugha aliyotumia kwa mambo mazito.

"Asubuhi ile ya mama wa Singida," akasema, "hata mimi nilisikia."

Gunzi likanitoka mkononi.

"Nilikuwa mlangoni. Nikasikia mwanamke anaita kutoka korongoni. Nikaogopa. Wazee walitufundisha kwamba kwenye mabonde na maji anakaa netlangw, pepo wa maji, anaita watu kwa sauti ya ndugu zao, na anayekwenda harudi. Mimi mtu niliyebatizwa! Nikaona aibu kuogopa, nikaona aibu kwenda, nikafumba macho nikasali iondoke. Ikaondoka." Alipukuchua gunzi lote hadi likaisha. "Ulipokuja ukisema umeitwa, roho iliniruka. Nikakuuliza upande gani. Ungesema korongoni, ningekwenda, labda angekuwa bado hai. Ukaonyesha mlima. Nikafurahi, mjukuu wangu. Nilifurahi sana. Ndiyo maana nilikupa utando wote."

"Aama, nilikudanganya. Haikutoka mlimani."

"Najua. Nilijua hata wakati ule. Mtoto akisema kweli hatazami miguu yake."

Tulilia, kila mmoja na ungo wake. Kisha akasema jambo moja la mwisho kuhusu habari ile, na hakulirudia tena hadi alipofariki. Alisema mimi nina miguu, yeye hana tena. Nimtafute yule mtoto nimwambie.

Nyumba ya bibi sasa haipo. Pale palipokuwa na zizi mtu amejenga mahali pa kulala watalii, pana bustani na taa, na korongo limezibwa kwa kifusi wakapanda nyasi. Ukungu wenyewe siku hizi unakuja ukiona haya, saa tatu umeshaondoka. Binamu zangu hawakumbuki kitu. Mmoja ananiambia eti mama yule alikufa kwa homa. Tuliosikia tulikuwa wawili, na mmoja amezikwa.

Singida nimefika mara mbili, kwenye msiba na kwenye semina ya walimu. Mara zote mbili niliketi na wenyeji, nikala, nikawauliza habari za mvua na bei ya alizeti. Lile moja sikuliuliza. Niliogopa wasije wakasema ndiyo, tunamjua, anakaa pale.

Atakuwa mtu mzima kama mimi, labda ana wajukuu. Labda anaamini mama yake alikufa ghafla, kama walivyotangaza makaburini ili kumpunguzia baba yake uchungu. Hajui kwamba yeye alikuwa juu ya kitanda cha bibi yangu, amefumba macho, ametulia kama alivyofundishwa, wakati mama yake anamwita mwanangu, mwanangu wee, mwanangu, njoo. Na hajui kwamba kuna mtoto aliyeitika kwa niaba yake, akasema nipo, nasikia, akabaki ameketi.